Mlinzi wa Chungwa

Kisangani ni mji mkubwa wa jimbo la Tshopo, katika nchi ya Kongo. Umejengwa kando ya mto Kongo, karibu na maporomoko ambapo Wagenia huvua samaki kwa mitego yao mikubwa iliyofungwa kwenye miti. Meli zinazotoka Kinshasa hukomea hapo, maana maporomoko huzizuia zisiende mbele. Kwa hiyo vitu vingi hukutana Kisangani: samaki, mchele, mihogo, makemba, mafuta ya mawese, na matunda ya kila namna.

Msimu wa machungwa ukifika, mitumbwi huvuka mto ikiwa imejaa. Wengine huleta mizigo yao kwa baiskeli na pikipiki. Machungwa, mandarini na malimao hupangwa mafungumafungu sokoni. Watu hununua, humenya, hufyonza maji matamu, kisha hutupa maganda. Jioni sokoni panabaki lundo. Mvua hulinyeshea, jua hulipiga, nzi hulijia, na maji machafu hutiririka mitaroni.

Makala ya jikoni

Jikoni nako kuna shida yake. Mji wa Kisangani una bwawa la umeme kwenye mto Tshopo, lakini umeme huo hauwatoshi watu wote. Nyumba nyingi hupika kwa makala au kwa kuni.

Makala hutoka porini. Mchoma makala huangusha mti, huukata vipande, huvipanga, huvifunika kwa majani na udongo, halafu huvichoma polepole kwa siku kadhaa. Sehemu kubwa ya nguvu ya mti hupotea katika moshi. Miti iliyo karibu na mji ikiisha, wachomaji huenda mbali zaidi. Njia ikiwa ndefu, bei nayo hupanda. Mama asiye na pesa za kununua gunia zima hununua fungu dogo kila siku, na mwisho wa mwezi hugundua kwamba mafungu yale yamemgharimu kuliko gunia. Mtoto anayetumwa kutafuta kuni hurudi amechoka, na somo la kesho halijasomwa.

Basi kuna shida mbili: taka zinazooza sokoni, na moto usiopatikana jikoni. Je, shida moja yaweza kuiponya nyingine? Yaweza, maana taka zinapooza mahali pasipo na hewa hutoa gesi inayowaka. Lakini ganda la chungwa ni taka yenye ukaidi. Ukilitia katika shimo la gesi bila kulitayarisha, laweza kuliua shimo zima. Yafaa kwanza kujua sababu, ndipo dawa itakapoonekana.

Jinsi uozo unavyotoa gesi

Mwaka 1776 mtaalamu mmoja wa Italia, jina lake Alessandro Volta, alikuwa kando ya ziwa Maggiore. Alichokoa matope ya ziwa kwa fimbo, akaona mapovu yakipanda juu ya maji. Akayakusanya mapovu hayo katika chupa, akaleta moto karibu. Gesi ile ikawaka. Leo gesi hiyo huitwa methani. Mapovu ya namna hiyo huonekana pia katika vinamasi vya Tshopo, mtu akikanyaga majani yaliyooza chini ya maji.

Watu wamejifunza kuitengeneza gesi hiyo kwa makusudi. Hujenga shimo la matofali na saruji, lenye kifuniko cha mviringo kisichopitisha hewa. Upande mmoja kuna mlango wa kuingizia chakula cha shimo. Upande wa pili kuna mlango wa kutokea uji uliokwisha kuoza. Juu kuna bomba linaloipeleka gesi jikoni. Chakula cha shimo ni samadi na mabaki ya vyakula, vikikorogwa na maji mpaka viwe kama uji mwepesi.

Kazi yote ya shimoni hufanywa na vijidudu, viumbe vidogo mno ambavyo macho hayawezi kuviona. Havifanyi kazi moja. Ni mafungu manne, na kila fungu lina zamu yake, kama watu wanaotayarisha lituma: mmoja humenya makemba, wa pili huyachemsha, wa tatu huyatwanga, wa nne huyafinyanga na kuyatia sahanini.

Fungu la kwanza la vijidudu hukata vitu vikubwa kuwa vidogo. Fungu la pili hugeuza vile vidogo kuwa maji makali yenye uchungu, yaani asidi. Fungu la tatu huzigeuza asidi hizo kuwa aina ya siki na gesi nyepesi. Fungu la nne hupokea siki na gesi hiyo nyepesi, nalo ndilo linalotengeneza methani. Katika gesi yote inayopanda bombani, methani huwa kati ya sehemu 50 na 70 katika kila 100. Sehemu iliyobaki ni hasa ile hewa ya kaboni ambayo watu na wanyama huitoa mapafuni.

Fungu hili la nne ndilo dhaifu kuliko yote. Vijidudu vyake huzaana polepole. Hewa huviua. Uchungu mwingi wa asidi huvilegeza. Baridi huvifanya visinzie. Kwa baridi, Kisangani haina taabu: mji uko karibu sana na mstari wa ikweta, na joto halipungui sana mwaka mzima. Adui mwingine yumo katika ganda la chungwa.

Mlinzi aliyemo gandani

Chukua ganda bichi la chungwa, ulikunje kwa vidole. Utaona ukungu mwembamba ukiruka, na harufu nzuri itajaa puani. Mwalimu akikunja ganda hilo karibu na ndimi ya mshumaa, ukungu ule utawaka na kutoa cheche ndogondogo. Mtoto asijaribu jambo hilo peke yake. Cheche hizo zinaonyesha kwamba ukungu ule si maji, ni mafuta.

Mafuta hayo hukaa katika vifuko vidogo sana, vilivyomo kwenye ngozi ya juu ya ganda, ile ya kijani au ya manjano. Sehemu nyeupe iliyo chini yake haina vifuko hivyo. Katika mafuta ya chungwa, zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 ni kitu kimoja kiitwacho limoneni.

Kwa nini mchungwa hujitengenezea mafuta hayo? Fikiri juu ya tunda linaloning'inia mtini katika nchi ya joto na mvua. Kuvu wanalitaka. Wadudu wanalitaka. Vijidudu vya uozo vinalitaka. Tunda lisilo na kinga huoza kabla ya mbegu zake kukomaa. Mafuta ya ganda ni kinga hiyo. Ni kama mlinzi aliyesimama mlangoni usiku na mchana, akiwafukuza wezi. Wazee wengi wanazijua nguvu zake, ndiyo maana huchoma maganda makavu jioni ili kufukuza mbu.

Lakini mlinzi huyu hajui kwamba chungwa limekwisha kuliwa. Ganda likitiwa shimoni, anaendelea na kazi yake ileile. Vijidudu vya gesi ni adui kwake sawa na vijidudu vingine vyote, naye huvipiga. Fungu la nne, lililo dhaifu, huanguka kwanza. Fungu la pili lina nguvu zaidi, huendelea kutengeneza asidi kutoka katika sukari ya chungwa. Basi asidi inaongezeka, na mwenye kuipokea hayupo. Uji unakuwa mchungu. Uchungu huo nao unawamaliza wafanyakazi waliosalia. Jikoni, mama anaona moto unafifia siku kwa siku, halafu hauwaki kabisa. Shimo lililogharimu matofali, saruji na jasho limekufa kwa sababu ya maganda.

Si lazima mafuta yawe mengi. Wataalamu wameona kwamba matone machache tu katika kila lita ya uji yatosha kuvilegeza vijidudu vya methani. Tazama hesabu hii. Kilo 1 ya maganda mabichi ina mafuta ya kujaza kijiko 1 cha chai hivi. Mtu akitia kilo 10 kila siku, ametia vijiko 10. Kwa siku 30 ni vijiko 300, yaani lita 1 na nusu. Shimo la nyumbani laweza kuwa na uji lita 4,000. Ukiyagawa mafuta yale katika lita zote hizo, kila lita inapata matone 7 au 8. Hapo hatari imekwisha kufika. Siku ya kwanza hakuna aonaye kitu, siku ya kumi pia moto unawaka, na mwenye shimo anasema mambo ni mazuri. Sumu inajikusanya polepole. Haba na haba hujaza kibaba, katika mabaya kama katika mema.

Kumwondoa mlinzi kwa mvuke

Ikiwa mlinzi ndiye azuiaye kazi, dawa ni kumwondoa kabla ganda halijaingia shimoni. Wataalamu huliita jambo hili kutayarisha taka. Njia ni nyingi.

Njia moja ni mvuke. Limoneni yenyewe huchemka kwenye joto la digrii 176, joto kubwa kuliko la maji yanayochemka. Lakini ina tabia moja nzuri: ikikutana na mvuke wa maji, huondoka pamoja nao hata chini ya digrii 100. Mvuke ukipozwa, hurudi kuwa maji, na mafuta huelea juu yake, kwa sababu ni mepesi kuliko maji wala hayachanganyiki nayo. Hapo hukusanywa kwa urahisi. Mafuta hayo yana bei, maana hutiwa katika sabuni, manukato na dawa za kusafishia.

Katika nchi ya Uswidi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Borås walijaribu njia kali zaidi. Walitia mabaki ya machungwa katika chombo kilichofungwa imara, wakayapasha kwa mvuke wenye nguvu, digrii 150, kwa dakika 20. Kisha wakaufungulia mvuke ghafula. Vipande vya ganda vikapasuka kwa ndani, na mafuta yakatoka pamoja na mvuke. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 2012. Zaidi ya sehemu 9 katika 10 za limoneni zilikuwa zimeondoka, na mabaki yale yaliweza kutoa methani zaidi ya mara 5 ya mabaki yasiyotayarishwa.

Faida yao ilikuwa mbili. Kwanza, mlinzi aliondoka. Pili, kuta ngumu za ganda zilibomoka, na vijidudu vya fungu la kwanza vikapata njia ya kuingia.

Hesabu ya moto

Je, mama wa Kisangani naye achemshe maganda yake? Kabla ya kujibu, yampasa afanye hesabu. Wazee husema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kilo 10 za maganda mabichi, zikitayarishwa vizuri, zaweza kutoa gesi kiasi cha mita 1 ya ujazo. Gesi hiyo huwasha jiko dogo kwa saa 2 au 3. Ni faida nzuri. Lakini akitia maganda hayo katika sufuria na lita 10 za maji, akayachemsha mpaka lita 2 ziishe kwa mvuke, atakuwa ametumia moto karibu sawa na ule wa gesi yote atakayoipata. Amefanya kazi siku nzima, wala hakupata kitu. Akitumia maji kidogo tu na kuyapika maganda kwa mvuke, bado nusu hivi ya faida itakwenda. Na ikiwa moto wa kuchemshia ni wa makala, basi pori limekatwa ili kutunza maganda.

Kiwanda cha maji ya machungwa hakiko katika hali hiyo. Kiwanda kina mitambo ya mvuke inayowaka kwa kazi nyingine, na joto linalobaki lingepotea bure. Kina maganda kwa maelfu ya kilo, maana tunda likikamuliwa karibu nusu ya uzito wake hubaki kuwa taka. Tena huuza mafuta yanayotoka. Kwa kiwanda, mvuke ni njia nzuri. Kwa nyumba moja, yafaa kutafuta njia isiyokula moto.

Mfano kutoka Tanga

Mfano wa njia hiyo umeonekana Afrika Mashariki. Mkoa wa Tanga, katika nchi ya Tanzania, unajulikana kwa mazao mawili. Muheza kuna machungwa mengi, na mashamba makubwa ya mkoa huo yana mkonge, mmea unaotoa nyuzi za kamba na magunia. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi ni kilo chache tu. Zote nyingine ni maji na makapi, ambayo kwa miaka mingi yalitupwa. Mwishoni mwa miaka ya 2000, huko Hale, mtambo ulijengwa wa kugeuza makapi hayo kuwa gesi, na gesi ikatumiwa kuendesha mashine ya umeme.

Mkonge hauna mafuta kama ya chungwa. Lakini makapi yake nayo ni magumu kwa vijidudu, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uswidi walitafuta jinsi ya kuyatayarisha. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2005, waliyaacha makapi laini yapate hewa kwa saa 9 kabla ya kuyafungia mahali pasipo hewa. Methani ikaongezeka kwa sehemu 26 katika kila 100. Katika jaribio jingine, la mwaka 2006, walikatakata mabaki ya nyuzi mpaka yakawa vipande vya milimeta 2 tu. Methani ikaongezeka kwa sehemu 23 katika kila 100.

Tazama walichotumia: hewa na kisu. Hawakuhitaji moto. Vitu hivyo viwili havikosekani katika nyumba yoyote ya Kisangani.

Kazi ya nyumbani

Mwenye shimo la gesi anayetaka kutumia mabaki ya machungwa na afuate utaratibu huu.

1. Atenge ngozi ya juu. Wauzaji wa machungwa huimenya ngozi hiyo kwa kisu kikali, nyembamba kama utepe, kisha humpa mnunuzi tunda jeupe la kufyonza. Bila kujua, wamekwisha kumtenga mlinzi. Utepe ule ndio wenye mafuta karibu yote. Sehemu nyeupe na makapi yaliyofyonzwa hayana mafuta mengi, tena huoza upesi. Basi utepe na uwekwe katika kikapu chake, makapi katika ndoo yake. Utepe usitiwe shimoni. Ukaushwe, utumike kuwashia moto na kufukuza mbu.

2. Akatekate makapi yawe vipande vidogo. Vipande vidogo huliwa upesi na vijidudu.

3. Ayatandaze mahali penye upepo kwa siku moja, akiyageuza mara kwa mara. Limoneni iliyosalia hupanda hewani yenyewe, kama marashi yanavyopotea katika chupa iliyoachwa wazi. Kisangani mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka, kwa hiyo yafaa kuyatandaza chini ya paa. Yasirundikwe, maana katikati ya lundo hewa haiingii. Wala yasiachwe siku nyingi mno, maana vijidudu vya hewani vitakula chakula cha shimo kabla ya shimo lenyewe.

4. Ayachanganye na samadi nyingi. Shimo jipya lisianzishwe kwa machungwa. Lianzishwe kwa samadi peke yake, mpaka moto uwe imara. Katika jimbo la Tshopo ng'ombe si wengi, lakini samadi ya nguruwe yafaa sana, hata ya mbuzi na kuku. Baadaye aongeze ndoo 1 ya makapi ya machungwa kwa ndoo 10 za samadi. Moto ukiendelea kuwa mzuri kwa majuma kadhaa, aweza kuongeza kidogo. Maganda ya makemba hayana mlinzi wa namna hii, nayo yaweza kutiwa pamoja na samadi bila hofu hiyo.

5. Auangalie moto na kunusa uji kila siku. Moto ukififia, na uji unaotoka ukinuka uchungu kama pombe iliyochacha, shimo linaumwa. Hapo aache mara moja kutia machungwa. Alipe shimo mapumziko ya siku chache, kisha alilishe samadi peke yake, kidogo kidogo. Majivu ya kuni, yakikorogwa katika maji na kutiwa kwa kiasi, hupunguza uchungu. Shimo lililoshikwa mapema hupona. Lililoachwa mpaka moto uzimike kabisa huhitaji kusafishwa na kuanzishwa upya, na hiyo ni kazi ya majuma mengi.

Hatari za kuepukwa

Gesi hii ni rafiki wa jiko, lakini yataka adabu. Mtu asilete moto wala sigara karibu na shimo. Bomba likishukiwa kuvuja, lipakwe povu la sabuni: mapovu yakivimba, hapo pana tundu. Kamwe lisitafutwe tundu kwa njiti ya kiberiti. Mtoto asichungulie ndani ya shimo lililofunguliwa, wala mtu mzima asishuke ndani yake peke yake, maana gesi ya shimoni yaweza kumzimisha mtu kabla hajaita msaada. Jikoni dirisha liwe wazi, na bomba lifungwe kila mara upishi ukiisha.

Faida ya mwisho

Uji unaotoka katika mlango wa pili wa shimo haupotei. Methani imekwisha kutoka, lakini chakula cha mimea kimebaki karibu chote. Ukitiwa katika bustani ya lengalenga au penye shina la mgomba, majani hushamiri. Hivyo chungwa moja hufanya kazi mara nne: maji yake humburudisha mtu, ngozi yake huwasha moto na kufukuza mbu, makapi yake hupika chakula, na uji wake hurutubisha shamba.

Mtu aliyetia maganda yote shimoni bila kuyatenga alikuwa na shimo lilelile, machungwa yaleyale na samadi ileile. Alishindwa kwa sababu hakumjua mlinzi. Kisu kidogo na siku moja ya upepo vingemtosha.

Maswali

1. Kwa nini bei ya makala hupanda miti ya karibu na mji ikiisha?
2. Taja mafungu manne ya vijidudu na kazi ya kila fungu. Fungu gani ni dhaifu kuliko yote?
3. Mafuta ya chungwa yamo katika sehemu gani ya ganda? Yana faida gani kwa mti?
4. Mtu ametia shimoni kilo 5 za maganda mabichi kila siku kwa siku 30, bila kuyatenga. Ametia vijiko vingapi vya mafuta?
5. Kwa nini mvuke wafaa kiwandani, lakini haufai katika nyumba moja?
6. Moto wa jirani yako umefifia, na shimo lake lanuka uchungu. Utamshauri afanye nini kwanza, na nini baadaye?